Mikono Isife Ganzi Njiani: Mwongozo wa Glavu na Usukani kwa Waendesha Pikipiki wa Mtwara na Lindi

Nilijua mikono yangu ina shida siku kikombe cha chai kiliponiponyoka pale Mnazi Mmoja. Nilikuwa nimetoka Mtwara mjini alfajiri na spea za kupeleka Masasi, nikaegesha nipate chai na chapati. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia nilikuwa naviona tu, sivihisi. Mama wa chai akaniangalia, akaniambia, "Njomba, mbona unashika kikombe kama mtoto anayejifunza kunywa?" Watu wa kwenye benchi wakacheka, na mimi nikacheka, lakini kilomita zilizobaki hadi Masasi niliendesha nikiwa na wasiwasi.

Wiki ile ile nikafanya kile ambacho karibu kila mtu wa kijiweni hukifanya. Nikanunua glavu nene, zimejaa sponji kiganjani. Ganzi ikazidi. Ilinichukua miezi kuelewa kwa nini: glavu nene inanenepesha mpini, na mpini mnene unakulazimisha kukaza mkono zaidi ili usikuponyoke. Nilikuwa nimenunua ugonjwa juu ya ugonjwa.

Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio ambao wauza glavu hawataupenda. Tunaanza na mkono, tunakwenda kwenye pikipiki, glavu zinafuata. Glavu kazi yake kubwa ni kukuokoa ngozi na mifupa siku ya kuanguka, na kukukinga jua, mvua na vumbi. Ganzi, mara nyingi, inatokea kwingine.

Hatua ya kwanza: uliza vidole vyako

Ukishuka kwenye pikipiki mikono ikiwa imekufa ganzi, usiikung'ute haraka. Simama nusu dakika ujiulize: ni vidole vipi hasa? Mkono gani? Jibu lake linakuonyesha pa kushika spana.

Kama ni gumba, kidole cha shahada na cha kati, basi kifundo cha mkono kinakaa kimepinda. Mshipa wa fahamu unaohudumia vidole hivyo unapita katikati ya kifundo, kwenye njia nyembamba yenye mifupa chini na utepe mgumu juu. Ukipinda kifundo kwa saa nzima, njia inabana. Leva zilizokaa vibaya ndizo mshukiwa wa kwanza, na mkanda wa glavu uliokazwa sana ndio wa pili.

Kama ni kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete, huo ni mshipa mwingine kabisa. Ni ule unaozunguka nyuma ya kiko (kiwiko), ambao ukigonga kona ya meza unaruka kama umepigwa na umeme. Ukifika mkononi unapita upande wa nje wa kiganja, pale kwenye nyama unayopigia meza ukikasirika. Ukiegemeza uzito wa mwili wako hapo, unaukandamiza. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu.

Kama ni vidole vyote, vinawasha kama vimetembelewa na siafu hata baada ya kuzima injini, hiyo ni mitetemo. Maumivu ya msuli wa mkono wa kushoto, kati ya kiko na kifundo, ni klachi ngumu. Malengelenge chini ya gumba ni mshono wa glavu au mpira wa usukani unaozunguka. Na ncha za vidole zikiuma na kucha kubanwa, glavu ni fupi, basi. Hapo huhitaji fundi.

Hatua ya pili: leva

Kazi hii ni ya dakika kumi, haina gharama, na ndiyo iliyosaidia watu wengi zaidi kati ya wote niliowahi kuwaelekeza. Bado ukipita kijiweni Mtwara au Lindi utakuta pikipiki tisa kati ya kumi leva zake ziko vile vile zilivyotoka dukani, kana kwamba sisi wote tuna urefu mmoja.

Panda pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati. Kaa kama unavyokaa ukiwa kazini saa tisa alasiri umechoka, siyo kama unavyokaa ukipigwa picha. Shika mipini, nyoosha vidole juu ya leva bila kuzivuta. Mwite mtu akuangalie kwa pembeni. Kutoka kwenye kiko hadi kwenye vifundo vya ngumi lazima uonekane mstari mmoja ulionyooka. Mara nyingi atakachokiona ni mgongo wa mkono umeinuka juu, kwa sababu leva imekaa karibu sawa na ardhi na vidole inabidi vipande kuitafuta.

Legeza boliti ya kifungio cha leva, kwa pikipiki zetu nyingi ndogo ni spana namba 10, kisha izungushe leva ishuke kidogo kidogo mpaka mstari unyooke. Fanya hivyo pande zote mbili. Jambo la kukumbuka: kwenye pikipiki nyingi kioo cha pembeni kimefungwa hapo hapo kwenye shina la leva, kwa hiyo ukiishusha leva kioo nacho kinainama. Usiache hivyo, legeza nati ya kioo ukirudishe mpaka uone barabara nyuma yako. Kama breki ya mbele ni ya diski, usiinamishe sana kile kikopo cha mafuta ya breki.

Ukimaliza, kaza boliti ishike vizuri lakini usiikaze mpaka mwisho wa nguvu zako. Leva inayoweza kuzunguka kidogo ikigongwa haivunjiki kirahisi pikipiki ikianguka. Siri hii wanaijua wanaopanda mchanga wa Msimbati, ambako pikipiki kulala chini ni jambo la kawaida.

Hatua ya tatu: waya wa klachi na wa mafuta

Shika leva ya klachi kwa vidole viwili, injini ikiwa imezimwa. Ikikusumbua hapo ulipo, fikiria mara ngapi unaivuta kwenye foleni ya malori ya saruji na makaa ya mawe, au ukizunguka na abiria Soko Kuu siku nzima. Waya mkavu una sauti yake. Ukiivuta leva taratibu unausikia unakwaruza ndani.

Fanya hivi. Legeza kirekebishio cha waya, toa kichwa cha waya kwenye leva. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kirefu kama kidole. Kifunge kuzunguka mdomo wa waya kwa uzi au raba, kibaki kama faneli iliyosimama. Zamani tulitumia mfuko wa plastiki uliokatwa kona, lakini tangu mifuko ile ipigwe marufuku Juni 2019 tyubu ndiyo imebaki, na kusema kweli inashika vizuri kuliko mfuko. Mimina oili safi ya injini, vijiko viwili vya chai vinatosha, kisha vuta na kuachia ule waya wa ndani. Usiwe na haraka. Oili inashuka polepole. Iache hata nusu saa ukanywe maji, mpaka uone tone linachungulia chini upande wa injini. Tone la kwanza huwa jeusi. Hilo ndilo lililokuwa linakuumiza mkono.

Ukirudisha, acha leva iwe na uhuru wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha yake kabla haijaanza kuvuta klachi. Waya uliolika nyuzi haufufuki kwa oili, ubadilishe. Angalia pia waya wenyewe unakopita: waya uliokunjwa kona kali nyuma ya taa utakuwa mgumu hata ukiwa mpya.

Upande wa mafuta, zungusha mpini kisha uachie. Lazima urudi wenyewe, kwa haraka, ukiwa umekata kona kushoto, kulia, na katikati. Uhuru wake uwe milimita 2 hadi 6. Washa injini, kata usukani mwisho kushoto na mwisho kulia bila kugusa mafuta. Injini ikipanda sauti, waya umepitishwa vibaya na huo ni hatari, achana na habari za ganzi kwanza. Mpini mzito wa mafuta ndio unaochosha mkono wa kulia katika safari ndefu, maana mkono wa kulia haupumziki. Wa kushoto ukishaingia gia ya mwisho unaweza hata kujikuna.

Hatua ya nne: mipira ya usukani, na mitetemo

Mpira uliokwisha, unang'aa kama sahani, unateleza, na mkono unajibu kwa kukaza. Badilisha. Wengi wetu hufunga tyubu juu ya mpira wa zamani, au sponji, ili upate unene. Pima kabla hujafanya hivyo: shika mpini kwa mkono mtupu, ncha za vidole zikaribie kugusa nyama ya chini ya gumba, zisijibane nayo na zisibaki mbali nayo. Zikiwa mbali, mpini ni mnene mno kwako. Na ukumbuke kwamba utavaa glavu juu yake, kwa hiyo pima tena ukiwa umevaa.

Mitetemo ni habari ndefu kidogo. Angalia mwisho wa usukani, kila upande: pikipiki nyingi hutoka kiwandani na vizito vya chuma pale. Kazi yake ni kutuliza mtetemo. Wengi huvipoteza pikipiki ikianguka, au huvitoa ili wafunge mapambo yenye nyuzi. Virudishe. Kisha pitia boliti za kufungia injini kwenye fremu moja moja. Boliti moja ikilegea, pikipiki nzima inaimba na wewe unaimba nayo. Cheni iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30 katikati, siyo kulegea hadi inapiga kava. Upepo wa tairi fuata kibandiko au kitabu cha pikipiki yako, si macho ya kijana wa pampu. Tairi ya mbele iliyojazwa kama mpira wa miguu inapeleka kila kokoto kwenye kiganja chako. Beringi za shingo nazo: shika breki ya mbele, sukuma pikipiki mbele na nyuma, ukisikia "kto, kto" kwenye shingo mpelekee fundi.

Na barabara yenyewe? Hiyo huwezi kuibadilisha. Ile ya kwenda Tandahimba na Newala, sehemu ambazo lami bado haijafika, ina matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia, na zile rasta (vituta vya mistari) za kwenye lami kabla ya vijiji zinafanya kazi hiyo hiyo kwa ufupi. Kwenye rasta inuka kidogo, egemea miguuni, legeza viko. Aliyekaa kitako na mikono iliyonyooka kama fimbo anapokea pigo lote mabegani.

Hatua ya tano: uzito wako uko wapi?

Kaa kwenye pikipiki, shika usukani, kisha fungua vidole vyote. Kama unaanguka mbele, mikono yako ndiyo inayokubeba. Tumbo na mapaja ndivyo vinavyotakiwa kubeba. Banana na tangi kwa magoti, na viko viwe vimepinda kidogo.

Tatizo kubwa la huku kwetu ni mzigo. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, utaona mtu amepakia magunia nyuma mpaka yeye mwenyewe amebanwa juu ya tangi, kifua karibu kigonge taa, vifundo vimepinda kama jogoo anayetaka kuwika. Au abiria wawili, kila breki wanamsukuma mbele. Hapo hakuna glavu duniani itakayokusaidia. Sogeza mzigo nyuma juu ya keria, ufunge usiteleze, ubaki na nafasi ya kiti ya kukaa kwa kutosha. Kama nafasi hiyo haipatikani, ni mzigo wa safari mbili. Najua hesabu ya kila siku ya bosi haijui safari mbili, nimepitia mkataba mimi mwenyewe, lakini mikono ndiyo inayolipa ile hesabu.

Hatua ya sita: sasa glavu

Chukua futikamba ya fundi cherehani. Zungusha kwenye kiganja, pale panapoanzia vidole vinne, bila gumba, mkono ukiwa umefunguka. Pima mkono unaotumia zaidi. Namba nyingi za glavu zinafuata inchi za mzunguko huo: inchi 8, kama sentimita 20, ni namba 8, inchi 9, kama sentimita 23, ni namba 9, inchi 10, kama sentimita 25, ni namba 10. Zile za herufi zinatofautiana kiwanda na kiwanda, kwa hiyo herufi isikudanganye, jaribu.

Jinsi ya kujaribu ni muhimu kuliko namba. Vaa, kunja ngumi. Ncha za vidole zisibanwe, lakini pia kusibaki kitambaa kinachoning'inia mbele ya vidole, maana kitakamata leva. Kiganjani, ngozi isikusanyike mikunjo ukikunja mkono. Mikunjo hiyo ndiyo malengelenge ya kesho. Kisha usiishie kwenye meza ya muuzaji. Nenda kwenye pikipiki yako iliyo nje, shika mpini, vuta klachi mara kumi, washa taa, bonyeza honi, bonyeza indiketa. Muuzaji akikataa usitoke nazo hadi kwenye pikipiki, mwachie simu yako kama rehani, au nenda kwa mwingine. Siku moja muuzaji mmoja aliniambia, "Kaka, glavu ni glavu." Nikamwachia glavu zake.

Geuza ndani nje vidole viwili, tazama mishono. Mshono mnene uliopita juu ya ncha ya kidole au katikati ya kiganja utakuuma. Mizuri hupita pembeni. Kiganja kiwe ngozi halisi au kitambaa kigumu maalumu, na pale kwenye kitako cha kiganja, juu kidogo ya kifundo, pawe na tabaka la pili. Ukianguka, mwili unatanguliza viganja bila kukuomba ruhusa, na hapo ndipo panapogonga kwanza. Glavu nzuri huweka hapo kipande kigumu kinachoteleza, ili mkono uteleze juu ya lami badala ya kunasa. Mkono unaonasa huku mwili unaendelea mbele ndio unaovunjika mfupa wa kifundo.

Ngozi halisi au leksini? Tazama ukingo uliokatwa, ndani ya mkono: ngozi ina nyuzi nyuzi kama kitambaa kilichochakaa, leksini ina kitambaa kilichosokotwa na juu yake utando wa plastiki. Ikunje kwa kidole: ngozi hutoa mikunjo midogo mingi, leksini hutoa mkunjo mmoja mkali. Leksini haidumu kwenye jua letu, inapasuka na kubanduka kama rangi ya ukuta wa pwani.

Lazima iwe na mkanda wa kunata kifundoni. Ufunge, kisha mtu ajaribu kukuvua kwa kuvuta ncha za vidole. Ikivuka, siku ya ajali itavuka kabla hujafika chini. Lakini kidole kimoja kiweze kuingia kati ya mkanda na kifundo. Ukiukaza zaidi ya hapo unarudi kwenye ganzi ya gumba.

Baadhi ya glavu zina kibandiko ndani chenye alama ya CE, picha ya pikipiki na maandishi EN 13594. Hicho ni kipimo cha Ulaya cha glavu za pikipiki. Chini yake utaona 1 au 2. 2 ni kiwango cha juu, na glavu yake inapanda zaidi juu ya kifundo. Herufi KP zinamaanisha kinga ya vifundo vya ngumi imepimwa. Kibandiko kinaweza kughushiwa, kwa hiyo kisikufanye uache kujaribu mshono na mkanda.

Sasa zile zinazouzwa zaidi. Glavu nyeupe za nyuzi, za mafundi ujenzi, zenye mpira wa rangi kiganjani: zinashika vizuri, ni za bei ndogo, zinazuia jua. Kwa mtu wa safari fupi za mjini anayeenda polepole ni bora kuliko mkono mtupu, lakini juu ya lami zinachanika kama karatasi. Glavu za sufu, hapana. Glavu za mtumba za nchi za baridi, nene kama mto, zinashonwa kwa ajili ya kucheza kwenye theluji. Ukizivaa Lindi mchana utafikiri umeingiza mikono kwenye sufuria, na vidole havitaihisi leva. Ila kwenye mtumba huo huo, ukichambua kwa subira asubuhi marobota yanapofunguliwa, hupatikana glavu halisi za pikipiki za ngozi. Zangu za sasa nilizipata hivyo. Angalia tu ngozi isiwe imekauka. Ikipasuka ukiikunja, irudishe.

Zile za vidole vilivyokatwa zinapendwa kwa sababu ya chenji na simu. Naelewa. Abiria anataka lipa namba, mwingine anakupigia, huwezi kuvua na kuvaa mara hamsini kwa siku. Lakini vidole ndivyo unavyofanyia kazi, na lami haichagui. Tafuta zenye ncha ya shahada inayogusa kioo cha simu. Kama hazipo, mimi huvua ya kulia tu na kuibana chini ya paja ninapopokea pesa. Usiiweke juu ya tangi. Nimeshapoteza glavu mbili za kulia kwa njia hiyo, na glavu ya kushoto peke yake haina mnunuzi.

Joto, mvua na mafuta ya korosho

Pwani yetu ina joto la unyevu. Jasho halikauki, linabaki. Chagua zenye kiganja cha ngozi na mgongo wa kitambaa chenye matundu, au ngozi yenye vitundu vidogo. Ukifika, zivue na uzipindue ndani nje zipate hewa. Wanaoziacha juu ya kiti juani wanazikausha zikawa mbao, chumvi ya jasho imebaki ndani. Kila baada ya wiki mbili zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ukiwa umezivaa, kama unavyonawa mikono. Suuza, kamua bila kusokota, anika kivulini. Zikikaribia kukauka zivae dakika tano zipate umbo la mkono, na za ngozi zipake mafuta kidogo sana. Mikono yenye upele au harufu isiyoisha mara nyingi ni fangasi waliopangishwa chumba ndani ya glavu.

Mvua za Desemba hadi Aprili zinaleta shida nyingine: ngozi nyeusi ya bei ndogo inatoa rangi na mikono inabaki kama ya fundi makenika. Weka jozi ya mpira ya kuvaa juu, pana, ndani ya mfuko wa pikipiki. Glavu iliyolowa huwa nzito na inateleza, na mkono uliolowa muda mrefu unachubuka upesi.

Halafu korosho. Korosho ghafi ndani ya gunia haina neno. Lakini ukibeba zilizovunjika maganda au mabaki ya ubanguaji, yale mafuta meusi ya ganda yanaunguza ngozi. Kina mama wanaobangua kwa mkono wanayajua makovu yake. Glavu iliyolowa mafuta hayo usiivae tena barabarani, joto na jasho vitayabana kwenye ngozi yako saa nzima. Tenga jozi ya mizigo na jozi ya kuendeshea.

Kushika, na kupumzika

Shika mpini kama umeshika kifaranga: asiruke, asife. Mpini wa mafuta ushike kwa mshazari kidogo, kama unavyoshika kitasa cha mlango, siyo kama nyundo. Hivyo unaweza kuuzungusha bila kukunja kifundo chini. Vidole viwili vikae juu ya leva, viwili vibaki kwenye mpini. Na kila ukiona mnara wa simu, jikague: mabega yameinuka? Meno yamekazwa? Mikono hukaza pamoja na meno.

Mtwara hadi Lindi ni kama kilomita 105. Watu wanaikimbia bila kusimama, halafu wanajisifu. Mimi nasimama Mnazi Mmoja hata kama sina njaa. Mtwara hadi Masasi kwa njia hiyo ni karibu kilomita 200: nasimama Mnazi Mmoja, nasimama Nyangao, na Ndanda nikijisikia. Dakika tano tu. Vua glavu, fungua vidole kwa nguvu kama nyota, kunja ngumi bila kukaza, rudia mara kumi. Nyoosha mkono mbele kiganja kikitazama juu, kwa mkono mwingine vuta vidole taratibu vielekee chini, hesabu hadi ishirini. Zungusha mabega. Kijiweni fanya hivyo hivyo ukisubiri abiria. Watakucheka siku mbili, ya tatu utaona mwingine anajikung'uta.

Lini uende hospitali

Ganzi inayoondoka ndani ya dakika chache baada ya kushuka ni ya kurekebisha pikipiki. Lakini isipoondoka hadi kesho yake, au ikikuamsha usiku ukalazimika kukung'uta mkono ndipo ulale, au ukianza kuangusha vitu, au nyama ya chini ya gumba ikibonyea ukilinganisha na mkono wa pili, usingoje msimu uishe. Mshipa uliobanwa muda mrefu unaweza usirudi. Ukiwa unasubiri siku ya kwenda, lala na kifundo kikiwa kimenyooka. Kitambaa kilichofungwa na kipande cha ubao mwembamba kinatosha kukikumbusha.

Si kila ganzi ni ya pikipiki. Kisukari nacho huleta ganzi, mara nyingi miguuni kwanza. Na huku kusini tusione haya kulitaja jina: ukoma bado upo. Ukiona baka kwenye ngozi lililopauka au jekundu, ukaligusa na hulihisi, nenda kituo cha afya mapema. Dawa yake ni bure, inaponya, na ukiwahi hupati ulemavu. Glavu huficha baka la mkononi kwa miezi.

Ukifika hospitali ya Ligula, Sokoine ya Lindi, Ndanda au zahanati ya kijijini kwako, usiseme tu "mikono inauma." Sema ni vidole vipi, mkono gani, inaanza baada ya muda gani njiani, na usiku inakuwaje. Mwambie daktari unaendesha kwa saa ngapi kila siku. Na glavu zako zichukue uende nazo, avione na yeye vile vibano vya mkanda na mshono.